Kuhesabu Okidi za Mabondeni

  Somo hili limechapwa ili wewe uliyelisikia redioni ulisome tena polepole, na mwenzako aliyekuwa shambani asilikose. Weka kalamu na daftari karibu, maana leo tutahesabu.

Kitu tutakachohesabu si kahawa, wala si samaki, wala si mbuzi. Ni maua ya porini yaitwayo okidi, yaotayo katika majani ya mabondeni na ya vilimani. Pengine utauliza, “Maua ya porini yana faida gani hata tuyahesabu?” Soma mpaka mwisho, kisha ujibu mwenyewe.

1. OKIDI NI MMEA GANI?

Jamii ya okidi ni kubwa sana. Duniani kuna aina zaidi ya 25,000. Nyingine huota juu ya matawi ya miti, nyingine huota ardhini. Moja yao unaijua kwa harufu, nayo ni vanila, ambayo asili yake ni Meksiko, na siku hizi hulimwa Uganda na upande wa Kagera. Lakini somo letu ni la okidi za ardhini, zile zinazosimama katikati ya nyasi wakati wa mvua.

Utaitambuaje? Chukua ua lake ulitazame vizuri, bila kulichuma. Utaona vipande sita: vitatu vya nje na vitatu vya ndani. Kimoja kati ya vile vya ndani hakifanani na wenzake. Hicho huitwa mdomo. Nyuma ya ua mara nyingi kuna mkia mwembamba ulio wazi ndani kama mrija. Katika aina nyingi mkia huo huwa na maji matamu, na nondo au nyuki huyafuata.

Katika majani yetu ya kusini zipo hasa jamii tatu za kukumbuka. Majina yake ni ya kitaalamu, lakini ukiyasoma kwa silabi hayakushindi.

Sa-ti-ri-u-mu: maua mengi juu ya shina moja, na kila ua lina mikia miwili.

Di-sa: ua lina kofia juu yake, na kofia hiyo ina mkia mmoja.

Ha-be-na-ri-a: maua ya kijani au meupe, yenye mkia mmoja, mara nyingi mrefu.

Sasa twende chini ya ardhi, maana huko ndiko kwenye siri ya mmea huu. Okidi hizi zina viazi. Ukiutazama mmea wakati wa maua utakuta viazi viwili. Kimoja kimenyauka na kulegea. Hicho ni cha mwaka jana, nacho kimetoa chakula chake kulisha shina la mwaka huu. Cha pili ni kigumu na kimejaa. Hicho ni cha mwaka ujao. Mvua zikiisha, majani na shina hukauka na kufa. Moto wa nyika ukipita, huunguza nyasi kavu, lakini kiazi kimelala udongoni, salama. Mvua zikirudi, kiazi huchipua tena.

Basi kumbuka neno hili: kile kiazi kigumu ndicho mmea wa mwakani. Hakuna mwingine.

Na mbegu je? Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Tunda moja huwa na maelfu ya mbegu. Lakini mbegu ya hindi hubeba chakula chake ndani, na mbegu ya okidi haina akiba yo yote. Ili iote, sharti ianguke mahali penye kuvu wa udongoni, jamii moja na uyoga, atakayeilisha. Nyingi hupotea. Ile moja inayoota huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Kwa hiyo mmea ukiondolewa leo, wa kuchukua nafasi yake hapatikani upesi.

2. KWA NINI TUZIHESABU?

Katika nchi ya Zambia kuna chakula kinachopendwa, nacho huitwa chikanda. Viazi vya okidi hukaushwa na kutwangwa unga. Unga huo huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka ugande kama mkate, ukatwe vipande. Ni chakula cha tangu zamani. Hata Uturuki watu husaga viazi vya okidi za kwao na kupika kinywaji cha moto kiitwacho salepu. Kula kiazi cha okidi, basi, si jambo geni.

Zamani vilichimbwa vichache, vya kula nyumbani. Lakini miji ya Zambia ilipokua, walaji waliongezeka, na okidi za kule zikapungua. Wafanyabiashara wakavuka mpaka na kuingia Tanzania, katika Nyanda za Juu za Kusini. Huku wengine hukiita kiazi hicho kinaka. Watafiti wawili, Tim Davenport na Henry Ndangalasi, waliichunguza biashara hiyo, na mwaka 2003 wakachapisha waliyoyaona. Walikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikivushwa kwenda Zambia ni kati ya milioni 2 na milioni 4 hivi kila mwaka.

Andika hesabu hiyo katika daftari lako: 4,000,000. Hesabu masifuri yake. Yako sita. Na kila kiazi ni mmea mmoja.

Mahali palipoumizwa sana ni uwanda wa Kitulo, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Aina za okidi za ardhini zilizojulikana huko ni 45. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilometa za mraba 413 hivi. Hifadhi nyingi zimewekwa kwa ajili ya tembo na simba, lakini hii iliwekwa hasa kwa ajili ya maua.

Lakini milima haikomei Kitulo. Huteremka kusini kando ya ziwa, ikapita Ludewa, mpaka Umatengo. Mabonde yetu hayamo ndani ya Kitulo, wala hayana askari wa hifadhi. Yana sisi tu.

Tusiwalaumu wachimbaji bure. Mtu huchimba kwa kuwa anatafuta ada ya shule, au sabuni, au dawa ya mtoto. Lakini tulinganishe na jambo tunalolijua. Mkulima wa Mbinga akiuza kahawa, amechuma tunda na mti umebaki. Mwakani atachuma tena. Anayeuza kiazi cha okidi ameuza mti wenyewe. Hata akilirudisha shina shimoni na kulifukia, mara nyingi haisaidii, maana kiazi cha mwakani kimekwisha ingia kikapuni.

Tena jembe la mchimbaji si hatari peke yake. Mabonde yenye unyevu hulimwa bustani za mboga wakati wa kiangazi, nayo okidi haiishi katika ardhi inayopinduliwa kila mwaka. Bustani ni chakula, hatuwezi kuzikataza. Lakini yafaa kijiji kijue: bonde lipi lina okidi nyingi, lipi lina chache, lipi halina kabisa. Hapo ndipo kijiji kitaweza kuamua walime wapi na waache wapi. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. WALIOTUTANGULIA

Sisi si wa kwanza kutafuta mimea katika milima hii. Mwaka 1956 wataalamu wawili wa mimea kutoka bustani ya Kew, London, walifanya kazi katika wilaya ya Songea. Wakati ule nchi ya Mbinga ilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Majina yao ni Edgar Milne-Redhead na Peter Taylor. Walikusanya mimea mingi, na katika safari zao walifika pia milima ya Umatengo.

Kazi yao ilikuwa hivi. Walichukua mmea, wakaukandamiza kati ya karatasi mpaka ukauke, wakaupa namba. Kisha wakaandika kibandiko: mahali, tarehe, urefu kutoka usawa wa bahari, na aina ya ardhi. Mimea iliyokaushwa hivyo hudumu miaka mingi sana, na mtaalamu wa leo aweza kuitazama. Mimea ya namna hiyo ndiyo iliyosaidia kutengeneza vitabu vikubwa vinavyoeleza mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania. Vitabu hivyo vilianza kutolewa mwaka 1952 na vikamalizika mwaka 2012, vikiwa na aina zaidi ya 12,000. Sehemu ya kwanza ya okidi ilitoka mwaka 1968.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa, tunaishukuru. Lakini kibandiko cha mmea mkavu husema jambo moja tu: “Mmea huu ulikuwa hapa siku fulani.” Hakisemi ilikuwako mingapi. Hakisemi kama ipo hata sasa. Mtaalamu huja msimu mmoja akaenda zake. Anayepita bondeni kila mwaka, katika mvua na katika kiangazi, ni wewe. Nawe sasa wajua kusoma, kuandika na kuhesabu. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yako.

4. TUTAFUTE WAPI NA LINI?

Pwani ya ziwa iko chini, pungufu kidogo ya meta 500 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga, unapita kwanza misitu ya miyombo, kisha unafika nchi ya juu na ya baridi. Milima ya Umatengo hupita meta 1,500, na vilele vingine hukaribia meta 2,000. Kila daraja la mlima lina majani yake na okidi zake. Usifikiri kuwa kama okidi haipo pwani, basi haipo wilayani.

Tafuta mahali pa namna tatu. Kwanza, mabonde ya majani yanayojaa maji wakati wa masika, ambamo miti haioti. Pili, majani mafupi ya mlimani, hasa mahali pasipolimwa. Tatu, majani yaliyo chini ya miyombo, mahali penye nafasi na jua la kutosha. Mashamba ya zamani yaliyoachwa hivi karibuni yaache mpaka mwisho, maana huko ni nadra kuikuta.

Wakati mzuri ni katikati ya mvua, hasa Januari mpaka Machi. Ukienda Agosti utaona nyasi kavu tu, utarudi nyumbani na kusema, “Hakuna kitu.” Kumbe vipo, vimelala. Tena aina zote hazichanui pamoja. Nyingine huwahi, hutoa maua mvua za kwanza zinapoanguka juu ya nyasi zilizoungua. Nyingine huchelewa. Kwa hiyo ni vema kulitembelea bonde moja mara mbili au tatu katika msimu.

5. NAMNA YA KUHESABU

Huwezi kuhesabu kila mmea katika bonde zima. Utachoka, na mingine utaihesabu mara mbili. Badala yake tunahesabu katika miraba michache, kisha tunakadiria bonde lote.

Ninyi Wamatengo mraba hamfundishwi. Mnapolima ngoro, mnafyeka nyasi, mnazilaza kwa mistari inayokatana juu ya mteremko, kisha mnachimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi zile. Shamba lote hugawanyika kuwa vishimo vilivyopangwa kwa safu, na mvua haichukui udongo. Sasa fikiri ngoro isiyochimbwa. Ni mistari tu, na ndani yake nyasi zimesimama kama zilivyo. Huo ndio mraba wetu.

Vifaa ni vichache: kamba, vigingi vinne, daftari na kalamu ya risasi. Wino haufai, maana mvua itaufuta.

Pima kamba ya meta 8 na uifunge ncha kwa ncha. Funga fundo kila baada ya meta 2. Weka kigingi katika kila fundo, uivute kamba. Utapata umbo la pande nne, kila upande meta 2. Kisha pima kutoka pembe mpaka pembe inayoikabili, njia zote mbili. Vipimo vikiwa sawa, huo ni mraba wa kweli. Eneo lake ni 2 mara 2, yaani meta za mraba 4.

Gawaneni kazi. Mmoja ashike kamba. Wa pili apige magoti na kuhesabu. Wa tatu aandike. Mwandishi arudie kila hesabu kwa sauti kabla ya kuiandika, ili mwenye kuhesabu amsahihishe akikosea.

Kanuni ni hizi:

Ya kwanza: usichague mahali penye maua mengi. Jicho hupenda uzuri, nalo litakudanganya. Amueni kabla ya kuingia bondeni kwamba mtaweka mraba kila baada ya hatua kadhaa, nanyi mfuate mpango huo hata kama mraba umeangukia mahali patupu.

Ya pili: mraba usio na kitu andika 0. Usiuruke. Sifuri ni habari. Asiyeandika sifuri atafanya bonde maskini lionekane tajiri.

Ya tatu: andika kwa mafungu. Mimea yenye maua iwe fungu lake, yenye majani tu fungu lake. Hesabu pia mashimo mapya ya wachimbaji.

Ya nne: usichimbe kiazi ili kuhakikisha. Ukichimba umekuwa mmoja wao. Ukiwa na simu ya kupiga picha, piga ua kwa mbele, piga kwa ubavu mkia uonekane, kisha piga mmea mzima. Mtaalamu ataweza kukusaidia kupata jina kwa picha hizo.

Ukurasa wa daftari uwe hivi:

Tarehe:
Kijiji na bonde:
Aina ya ardhi (bonde la maji, mlimani, au miyombo):
Namba ya mraba:
Zenye maua:
Zenye majani tu:
Mashimo:
Majina ya waliohesabu:

6. HESABU YA MFANO

Tuseme bonde lina urefu wa meta 100 na upana wa meta 50. Eneo lake ni 100 mara 50, yaani meta za mraba 5,000.

Tulikata mistari mitano ya kukatisha bonde, na katika kila mstari tukaweka miraba minne. 5 mara 4 ni miraba 20. Kila mraba ni meta za mraba 4, basi tumekagua 20 mara 4, yaani meta za mraba 80.

Katika miraba yote tulikuta mimea 16. Miraba mingi ilikuwa na 0, michache ilikuwa na mitatu au minne. Gawanya 80 kwa 16. Jibu ni 5. Maana yake, kwa kadiri, kila meta za mraba 5 zina mmea mmoja.

Sasa gawanya 5,000 kwa 5. Jibu ni 1,000. Kadirio letu ni kwamba bonde lina mimea 1,000 hivi.

Mimea elfu moja yaonekana mingi. Lakini endelea na hesabu. Tuseme mtu mmoja anachimba viazi 100 kwa siku. Bonde zima atalimaliza kwa siku ngapi? Gawanya 1,000 kwa 100. Ni siku 10. Wakija watu watano pamoja, ni siku mbili.

Soma tena mstari huo wa mwisho. Bonde lililojaa maua tangu enzi za babu zako laweza kumalizwa kuanzia Ijumaa mpaka Jumamosi, nawe Jumapili ukalipita usijue lililotokea, kama hukuhesabu.

7. MWAKA MMOJA HAUTOSHI

Katika Marekani ya Kaskazini kuna nyika kubwa za majani, kama vile nyika za North Dakota na Minnesota nchini Marekani, na Manitoba nchini Kanada. Sehemu kubwa ya nyika hizo imelimwa ngano na mahindi. Katika mabaki yake yenye unyevu huota okidi mmoja mweupe, mwenye mdomo uliochanika kama matamvua ya shuka. Jina lake la kitaalamu ni Platanthera praeclara. Usiku nondo wakubwa huja kunywa maji matamu ya mkia wake, na ndio wanaochukua chavua ya ua moja kulipelekea jingine. Mwaka 1989 serikali ya Marekani iliiweka okidi hii katika orodha ya mimea inayolindwa kwa sheria kwa sababu ya hatari ya kutoweka.

Wanaoihesabu hupita nyikani hasa mwezi wa Julai, wakati wa maua yake, mwaka baada ya mwaka. Wamejifunza jambo ambalo latufaa na sisi. Mwaka wa unyevu mwingi maua huwa mengi. Mwaka wa ukame huwa machache sana. Lakini machache hayo si dalili kwamba mimea yote imekufa. Mingine imetoa majani bila ua.

Kwa hiyo, mwaka huu ukipata 1,000 na mwakani 600, usipige kelele mara moja. Jiulize kwanza maswali matatu. Je, mvua ilikuwaje? Je, tulikwenda tarehe zile zile, bonde lile lile? Je, mashimo yalikuwa mangapi? Mashimo yakiwa 0 na mvua ilikuwa kidogo, ngoja msimu ujao. Lakini mashimo yakiwa mengi, hapana haja ya kungoja. Jambo limekwisha julikana.

Hii ndiyo sababu kuhesabu mara moja hakufai kitu kikubwa. Bonde moja dogo lililohesabiwa miaka mitano linatufundisha zaidi kuliko mabonde matano yaliyohesabiwa mara moja.

8. DAFTARI LITUNZWE WAPI?

Hapa pana jambo la hatari. Daftari linalosema okidi ziko wapi laweza kumfaa mlinzi, nalo laweza kumfaa mchimbaji vile vile. Kwa hiyo usitangaze jina la bonde sokoni, wala usimpelekee mgeni picha yenye kuonyesha mahali. Ukiulizwa, sema idadi, usiseme njia.

Mpeni mwenyekiti wa kijiji taarifa kabla ya kuanza, na baada ya kumaliza pelekeni hesabu kwenye kamati ya mazingira ya kijiji. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi ya kijiji. Kijiji chaweza kutunga sheria ndogo, mathalani kukataza kuchimba viazi vya okidi, au kuacha bonde moja lisilimwe. Lakini mkutano wa kijiji hautaamini maneno matupu. Mtu akisimama na kusema, “Maua yamepungua,” mwingine atajibu, “Mbona mimi nayaona?” Akisimama na daftari la miaka mitatu, lenye tarehe na majina ya waliohesabu, mazungumzo yatakuwa mengine.

Juu ya kijiji kuna sheria za nchi, na juu ya nchi kuna mkataba wa mataifa uitwao CITES, uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba huo. Maana yake, kuzivusha mpaka kwa biashara bila kibali si halali. Anayekuambia kwamba viazi hivyo ni “mizizi ya porini tu, haina mwenyewe,” hakuelezi kweli.

Na kwa yule aliyekuwa akipata fedha za sabuni kwa kuchimba, kijiji kisimwambie “acha” peke yake. Mkutano uliokataza uzungumze pia atapata wapi: mizinga ya nyuki, miche ya kahawa, au kazi nyingine inayoacha mti ukiwa umesimama. Sheria isiyomfikiria mwenye njaa huvunjwa usiku.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kadirio: hesabu ya kukisia kwa kufuata kipimo, si ya kubahatisha.
Kuvu: viumbe jamii moja na uyoga, waishio udongoni na mahali penye unyevu.
Chavua: unga wa ua unaofanya mbegu zipatikane.
Sheria ndogo: sheria inayotungwa na kijiji au wilaya kwa eneo lake.
Mraba: umbo la pande nne zilizo sawa na pembe zilizo sawa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Okidi ina viazi viwili. Kipi ni cha mwaka ujao? Mchimbaji hutaka kipi?
2. Kwa nini mraba usio na mmea uandikwe 0?
3. Bonde lina urefu wa meta 60 na upana wa meta 40. Mmeweka miraba 15 ya meta za mraba 4, mkakuta mimea 10. Kadirieni mimea ya bonde lote.
4. Katika kijiji chenu, ni mabonde gani ya majani ambayo hayajalimwa? Wazee wanakumbuka maua gani yaliyokuwako zamani na sasa hayaonekani?
5. Ikiwa mkutano wa kijiji utakataza kuchimba, wale waliokuwa wakichimba wasaidiwe vipi?

Jibu la swali la tatu ni 400. Kama umepata tofauti, anza tena: tafuta kwanza eneo la bonde, kisha eneo la miraba yote.

Kazi ya kufanya kabla ya mvua kuanza: chagueni bonde moja tu lililo karibu, tayarisheni kamba yenye mafundo, na andikeni majina ya watu watatu watakaokwenda. Mwandishi awe mtu aliyejifunza kuandika katika darasa hili.

Kwaherini, mabwana na mabibi. Mvua njema.